Mbabula chumbani: mazuku tunayoingiza wenyewe

Kila mkaaji wa Goma na Sake anajua mazuku. Wazazi wanakataza watoto kushuka katika mashimo yenye hewa ile mbaya inayotoka ardhini, maana imekwisha kuua mbuzi, na watu pia. Ajabu ni kwamba baridi ya usiku ikizidi, wengi wanaingiza mbabula yenye makala ya moto ndani ya chumba, wanafunga mlango na dirisha kwa kuogopa wezi, kisha wanalala.

Tukumbuke namna mwili unavyopumua. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kiwambo, msuli ulio kati ya kifua na tumbo, kinashuka, na hewa inaingia hadi katika vifuko vidogo sana vya mapafu. Humo oksijeni inaingia damuni, na hewa chafu inatoka. Damu ndiyo inayopeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo.

Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa monoksidi ya kaboni. Si hewa ileile ya mazuku, lakini nayo haionekani wala hainuki. Inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kifua kinaendelea kupanda na kushuka kama kawaida, kumbe damu inabeba sumu. Mwenye usingizi hasikii kitu.

Kwa hiyo jamaa wakikutwa wamekufa asubuhi, tusikimbilie kutafuta mchawi ao jirani aliyetia sumu katika chakula. Kusingizia mtu kunaweza kuleta kifo kingine, na mbabula inabaki chumbani kwa watu wengine.

Kuna watakaouliza: maskini afanye nini, umeme hakuna, usalama hakuna? Ni kweli, na serikali ina deni hapo. Lakini kutoa mbabula nje kabla ya kulala hakuombi hata franka moja. Mvua ikilazimisha kupika ndani, mlango ubaki wazi mpaka chakula kiive. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu kikija, ao mtu akitapika na magoti kulegea, wote watoke nje mara moja, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Viongozi wa mitaa, wachungaji, maimamu na redio zetu watangaze jambo hili bila kungoja msiba. Wenye nyumba za kupangisha watoboe matundu ya hewa juu ya kuta. Na walimu, wanaofundisha mapafu kwa ajili ya mtihani, wawaambie wanafunzi wakumbushe nyumbani jioni hii: mbabula ilale nje.