Usibonyeze "Zote"

Najua nimepotea. Ni mambo ya tesiti, na intaneti ya hosteli mnaijua wenyewe. Leo nimerudi na hasira kidogo, mtanivumilia.

Juzi jioni tulikuwa kwenye kimbweta, tunapitia desa kama kawaida. Rumu-meti wangu, yeye ni mtu wa kompyuta, akaja na hoja yake: Wikipedia ya Kiswahili inatambaa, tuiachie boti iandike. (Siyo boti ya Zanzibar jamani! Boti hii ni programu inayohariri kurasa yenyewe, mtu ukiipa maelekezo.) "Nyie mtahariri ukurasa mmoja mmoja mpaka lini?" akasema. "Mambo ya msimbo hayakuhusu, ticha. Wewe kasahihishe insha."

Hapo ndipo aliponigusa. Nikaamua nikaione hiyo boti kwa macho yangu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Programu yenyewe inaitwa Pywikibot. Ilianza mwaka 2003, imeandikwa kwa lugha ya Python, na ni programu huria: msimbo wote uko wazi, unausoma, unaubadilisha, hulipi hata senti. Wanaoijenga ni watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Mtu akitengeneza badiliko, analiweka hadharani, mwenzake analipitia mstari kwa mstari, anauliza, pengine analirudisha likarekebishwe, ndipo linaingia. Kwa kweli nilivutiwa. Sisi kazi ya kikundi tunaandikiwa na mmoja, wengine tunachangia majina!

Tena wameweka breki. Kwa mpangilio wake wa kawaida inasubiri sekunde 10 kati ya kuhifadhi ukurasa mmoja na mwingine. Unaweza kuijaribu bila kuhifadhi chochote. Na ukiitumia kubadilisha maneno, inakuonyesha kilichokuwepo na kitakachokuwepo, halafu inakuuliza kama unakubali. Unabonyeza y kwa ndiyo, n kwa hapana. Ila ipo na herufi a. Hiyo maana yake ni: kubali zote, usiniulize tena.

Basi nikaijaribu usiku, kwa ile namna isiyohifadhi kitu. Nilikuwa na sababu yangu. Nilipokuwa fildi, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniandikia kwamba Tunduma iko Mkoa wa Mbeya. Nikamwekea kosa, akanijibu kwa adabu, "Lakini mwalimu, nimesoma kwenye intaneti." Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega Mbeya. Nikasema hii ndiyo kazi ya boti: kila kurasa zinazotaja Mbozi, Momba au Ileje, ondoa "Mkoa wa Mbeya", weka "Mkoa wa Songwe". Rahisi!

Rahisi wapi. Boti ilitaka kunibadilishia hata sentensi ya mtu aliyesoma Mbozi miaka ya 1980, Mkoa wa Mbeya. Yaani asome katika mkoa ambao haujazaliwa. Nikaona nijaribu kitu kingine, "mji" iwe "wilaya". Ikanipa "wilaya huo mkubwa". Wadau, "wilaya huo mkubwa"! Kwa Kiingereza ukibadilisha neno kama hilo, kivumishi hakishtuki, kinabaki palepale. Kwa Kiswahili ngeli yote inahama: "mji huo mkubwa" unakuwa "wilaya hiyo kubwa". Boti haikukosea, ilifanya nilichoiagiza. Mwenye kosa ni mimi. Na kama ningebonyeza a nikaenda kunywa chai ya rumu-meti wangu, kosa langu lingelala kwenye kurasa mamia na asubuhi mwanafunzi angelinakili.

Sasa hoja yangu ndiyo hii. Msimbo wa boti unakaguliwa kabla haujaingia. Kiswahili kinachomwagwa na boti hiyo kinakaguliwa na nani? Mstari mmoja wa Python unapata macho ya mtu wa pili, lakini sentensi elfu za lugha yetu zinapita kwa kubonyeza herufi moja. Halafu tunaambiwa haituhusu?

Rumu-meti atasema namba. Namba zipi? Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6. Nyingi zilitengenezwa na boti moja, Lsjbot, ya Msweden Sverker Johansson. Ni makala za wanyama, mimea, mito na vilima. Milioni 6, lakini wasemaji wenyewe wameandika ngapi? Na kwa upande wa pili, mwaka 2025 ulitoka uamuzi wa kuifunga Wikipedia ya Kigreenland. Wasemaji walioandika walikuwa wachache mno, na kurasa zilikuwa zimejaa tafsiri za mashine. Kikapu kilijaa, wenye lugha hawamo.

Simaanishi boti ni adui. Kwa miaka mingi boti za wageni ndizo zilizounganisha makala zetu na za lugha nyingine, mpaka Wikidata, iliyoanza mwaka 2012, ikaichukua kazi hiyo. Ile kazi haikuhitaji Kiswahili, ilihitaji uvumilivu tu, na mashine haichoki. Hiyo tuiachie. Lakini pale sentensi inapoguswa, lazima awepo mtu anayejua ngeli. Na mtu huyo, wadau, ndiye sisi tunaokula sapu za sarufi kila mwaka!

Lawama nyingine ni yetu. Tumekaa tunalalamika kwamba teknolojia haijui Kiswahili, wakati mlango uko wazi na hakuna aliyetuzuia. Ujumbe mfupi ambao boti inauacha kwenye historia ya ukurasa unatafsiriwa na watu wa kujitolea kwenye translatewiki.net. Hapo huhitaji Python, unahitaji Kiswahili. Ukiona programu inakosea kwenye lugha yetu, unaandika taarifa ya hitilafu na mifano mitano sahihi. Hiyo nayo ni kuchangia. Na anayeendesha boti kwenye Kiswahili, atoe kwanza sampuli ya kurasa 20, watu wasome, ndipo aendelee. Msimbo umekubali kusomwa na mwingine, sentensi ina ubora gani wa kukataa?

Nimeshamwambia rumu-meti: yeye aandike msimbo, mimi nikague kinachotoka. Amecheka, lakini hajakataa. Jumamosi saa nne tunaanza na kurasa za Songwe, moja moja, y au n. Tunahitaji wawili watatu zaidi, hasa watu wa jiografia na historia.

Anayebisha aje palepale kwenye kimbweta, nipo. Ngoja niwahi foleni ya kafteria kabla maharage hayajaisha.