Mkesha wa Vinyago na Watoto Wetu

Ifikapo tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, baadhi ya familia za Arusha, wageni kwa wenyeji, huwavika watoto wao mashuka meupe yaliyotobolewa macho, wakabisha hodi kwa jirani kutaka peremende; na wako wazee wanaolaani jambo hilo kuwa ni ushetani mtupu. Mimi sioni dhambi katika mchezo wa mtoto. Lakini kando ya barabara ziendazo umasaini husimama vijana waliotoka jandoni, wamejitanda shuka nyeusi, nyuso zimechorwa kwa chokaa nyeupe: libasi yenye maana na heshima, si mzaha. Mzazi amnunuliaye mwanawe kinyago cha ng'ambo, asimweleze habari za vijana hao, amemnyima elimu iliyopo mlangoni pake.