Beetle Inavuja Maji ya Moto? Kadi ya Peugeot 504 ya Mzee Isitoke Tegeta

Bifu la mastaa wawili wa Tegeta limetoka kwenye matusi, sasa limehamia kwenye kadi za magari. Majina kapuni, ila mnawajua. Mmoja anaimba, ana Beetle ya 1972 rangi ya maziwa. Mwingine ni wa Bongo Movie, ana Peugeot 504 aliyoachiwa na marehemu mzee wake. Jumamosi alfajiri wanatoka Tegeta Kibaoni, wa kwanza kufika Bagamoyo anaondoka na magari yote mawili.

Mashabiki wanashangilia tu. Hakuna anayejiuliza: hivi mwenye Beetle anapata wapi jeuri ya kuitaka 504 kwenye lami?

Twende kwenye namba. Beetle ya mwaka huo, hata ile yenye injini kubwa ya 1600, inatoa farasi 50. Ikijitahidi sana inagonga 130. 504 ya CC 1971 ina farasi 90 na ushee na inapita 160. Ni kweli 504 ni nzito, tani moja na zaidi, wakati Beetle haifiki hata tani. Lakini kwenye lami ya Bunju hadi Mapinga hilo halimwokoi mtu. Ingekuwa njia za Madale kipindi cha masika, hapo sawa, Beetle ina lake la kusema. Injini iko nyuma, inakandamiza matairi yanayosukuma, kwenye tope inapita wenzake wakiwa wanasukumwa na vijana wa kijiweni. Ndiyo maana ilibeba Safari Rally 1954, 1957 na 1962.

Halafu Peugeot ikaja. Bert Shankland, aliyekuwa anaishi hapa hapa Tanzania, aliichukua Safari 1966 na 1967 mfululizo akiwa na 404, yaani kaka mkubwa wa 504. 504 yenyewe ikashinda 1975, ikarudia 1978, ingawa hiyo ya mwisho ilikuwa ya milango miwili na injini ya V6, siyo hii ya mzee aliyokuwa anaendea kazini.

Kwa hiyo mwimbaji ama amechanganyikiwa, ama ile siyo Beetle tena.

Klipu ya juzi pale Tegeta Nyuki iangalieni vizuri. Chini ya bampa la mbele maji yanadondoka, na yanafuka mvuke. Injini ya Beetle inapozwa na upepo! Haina rejeta, haina hosi za maji, na injini yenyewe iko nyuma. Mbele kuna buti na tangi la mafuta. Team yake inajibu eti ni AC. Maji ya AC yanafuka mvuke tangu lini? Na kama AC ipo, mbona bosi wao kwenye klipu hiyo hiyo anajipepea na kofia?

Mafundi wanaujua huu mchezo, unachezwa nchi nyingi. Unatoa injini ya Beetle, unaweka ya Subaru, kwa sababu zote silinda zake zimelala pande mbili, halafu rejeta unaifunga mbele. EJ20 yenye turbo inatoa farasi 200 na zaidi. Huko siyo kushindana, ni kumpora mtu gari la urithi huku watu wanarekodi.

Bi mkubwa wa mwigizaji ameshalia mbele ya kamera. Anasema gari hilo ndilo lililompeleka Muhimbili kumzaa huyo huyo anayetaka kulichezea kamari. Na hapo bado hatujagusa askari wa tochi, wala bodaboda wasio na taa saa kumi na moja alfajiri.

Kama mwimbaji ni msafi, kazi ni ndogo: alete kadi, namba ya injini ilinganishwe na iliyoko kwenye chuma, na afungue boneti la nyuma mchana kweupe. Akigoma, mwigizaji airudishe kadi kwenye sanduku la mama yake akalale.