Moyo wa Mtoto Mchanga Haungoji Likizo

Katika mwaka wa 2007, mwaka ule ule ambao vikosi vya kwanza vya Uganda vilitua Mogadishu, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago ilianza kufanya upasuaji wa kufungua moyo. Habari ya kwanza ilijulikana katika kila kambi; ya pili ilipita kimya kimya. Sisi tunaona kwamba hii ya pili nayo inawahusu wanajeshi na polisi, na hasa wale wanaolinda mahali palipo mbali na watoto wao.

Katika kila watoto mia moja wanaozaliwa, karibu mmoja huja duniani na kasoro ya moyo. Huo si uchawi, wala mama hakuvunja mwiko. Moyo hujijenga katika majuma ya mwanzo ya mimba, na pengine ukuta fulani hausimami sawasawa. Kasoro iliyo ya kawaida zaidi ni tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vikubwa vya chini. Damu iliyokwisha kupata hewa hurudishwa tena mapafuni bila faida; mtoto huhema mbio, hutoka jasho anyonyapo, na uzito wake hauongezeki. Wengine huwa na ulimi na midomo ya rangi ya zambarau.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kasoro hizi zina saa yake. Tundu kubwa likiachwa, mishipa ya mapafu hupigwa na damu nyingi hata ikawa migumu, na hufika siku ambapo daktari hukataa kuliziba, kwa sababu kuliziba ndiko kutakakomuua mtoto. Kwa yule ambaye mishipa mikuu miwili ya moyo imebadilishana mahali, muda ni mfupi zaidi. Upasuaji wa kuirudisha mahali pake, ambao Adib Jatene aliufaulu kwa mara ya kwanza huko São Paulo mwaka wa 1975, hufanywa katika majuma machache ya kwanza ya maisha. Baada ya hapo chumba cha kushoto, kwa kukosa kazi nzito, hupoteza nguvu kama askari aliyelazwa kitandani miezi mingi kisha akaambiwa abebe mzigo wake wote mlimani.

Wapo wasemao kwamba kazi hii ni ya mataifa ya kitajiri na ya wasomi wakubwa tu. Na wamkumbuke Vivien Thomas, fundi mweusi wa maabara asiyesoma chuo cha udaktari. Mwaka wa 1944, huko Baltimore, alisimama nyuma ya Alfred Blalock akimwelekeza hatua kwa hatua katika upasuaji wa mtoto wa rangi ya zambarau, kwa kuwa ni yeye aliyeijaribu njia ile kwa mbwa mara nyingi. Jirani zetu wa Tanzania nao wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 2015.

Hoja nzito ni nyingine: malaria ingali inaua watoto, basi kwa nini fedha ziende kwenye moyo? Hatuidharau. Lakini hewa ya oksijeni, vitanda vya wagonjwa mahututi na wauguzi wanaojua kukesha na mtoto wa kilo tatu haviokoi wenye kasoro za moyo peke yao. Na kuwapeleka watoto Uhindi, kama ilivyozoeleka, huwafaa wachache waliobahatika kupata mfadhili, huku saa ikizidi kwenda.

Serikali imekusudia kuijengea Taasisi hospitali yake huko Naguru. Ni jambo jema. Hata hivyo, jengo hilo litawapokea watoto waliokwisha kuchelewa ikiwa hapana awatambuaye mapema, na hapo ndipo tunapoitazama zahanati ya kambi. Kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho watu wengi walikizoea wakati wa korona mwaka wa 2020, chaweza kupima mguu wa mtoto siku moja baada ya kuzaliwa, mradi kiwe na kishikio cha kadiri yake. Kikionyesha chini ya 90, apelekwe kwa daktari siku ile ile. Marekani ilikiingiza katika vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga tangu mwaka wa 2011. Mtoto aliyepita kipimo hicho asisahauliwe, maana tundu peke yake mara nyingi halionekani kwacho. Jasho la kunyonya na uzito uliosimama ndio ushahidi wake.

Pana tena jambo la amri. Mke wa askari akipewa barua ya kwenda Mulago, mara nyingi husubiri mumewe apate ruhusa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nauli na neno la mwisho. Tunapendekeza barua hiyo ihesabiwe na makamanda kama taarifa ya dharura, na usafiri utolewe na kambi, baba awepo au asiwepo. Makao makuu nayo yahesabu ni zahanati ngapi za kambi zenye kipimo kile, pamoja na kishikio cha mguu wa mtoto.