Taji la Sakafuni

Mlangoni mwa baa ya Crown, katika barabara ya Great Victoria mjini Belfast, Ayalandi ya Kaskazini, kuna taji la kifalme lililonakshiwa kwa vijiwe vya rangi. Liko chini, sakafuni kabisa, na anayeingia hana njia ila kulikanyaga. Wenyeji wana hadithi yake. Patrick Flanigan, aliyeifanyia baa hii ukarabati mkubwa mwaka 1885, alikuwa Mkatoliki aliyetamani Ayalandi ijitawale. Mkewe alikuwa mtiifu kwa Malkia wa Uingereza. Mke akataka baa iitwe Taji, mume akakubali bila ubishi, kisha akamwagiza fundi aliweke taji lenyewe pale wateja wanapofutia viatu. Hadithi haina cheti, na huenda ilitungwa na wanywaji. Lakini mtu wa Pwani aliyewahi kumwona mama akipita taratibu mbele ya mlango wa jirani, amejifunga kanga yenye jina alilolichagua kwa makusudi, hahitaji kufafanuliwa alichofanya Flanigan.

Mwaka huu wa 2026 Crown inatimiza miaka 200 kwa hesabu yake yenyewe, inayoanzia 1826. Tunaipa hongera, na tunajua wapo wasomaji watakaokunja uso: tahariri nzima kwa ajili ya baa? Kiswahili chenyewe kimeshatoa onyo, maana baa ni mahali panapouzwa pombe na baa ni balaa, na sote tunazifahamu nyumba ambamo maana hizo mbili hulala kitanda kimoja. Waayalandi nao wanazifahamu. Nchi hiyohiyo ilimtoa Padri Theobald Mathew, ambaye kuanzia mwaka 1838 aliwaapisha watu kwa mamilioni waache pombe. Kwa hiyo hatumwiti mtu kwenye glasi. Tunachosherehekea ni nyumba.

Na nyumba ndilo neno lake. Kwa muda mrefu baa nyingi za Ayalandi zilikuwa duka la chai, sukari na misumari upande mmoja, na kaunta ya vinywaji upande wa pili. Vijijini mwenye baa aliweza pia kuwa ndiye mzishi, na bado ziko baa zenye kibao kinachotangaza kazi zote mbili bila haya. Jina linalosomeka juu ya mlango ni la familia kwa sababu sheria ya mwaka 1872 ilimtaka mwenye leseni aandike jina lake pale, ili ajulikane wa kulaumiwa. Ndiyo maana hata leo mtu hasemi anakwenda baa; husema anakwenda kwa fulani.

Crown haikujipatia sifa kwa uzee wake. Ayalandi ina baa zinazodai umri mkubwa zaidi: ya Athlone inajinasibu na mwaka 900, ya Dublin na mwaka 1198. Sifa ya Crown ni mikono ya mafundi. Miaka ya 1880 makanisa yalikuwa yakijengwa Belfast kwa wingi, na mafundi wa Kiitaliano wakaletwa kutia vigae, vioo vya rangi na nakshi za mbao. Inasimuliwa kwamba Flanigan aliwapa kazi ya ziada baada ya saa za kazi. Mchana walimtumikia askofu, jioni wakamtumikia yeye. Matokeo yake ni baa ambayo mgeni akiingia hushusha sauti kama aliyekosea mlango na kujikuta kanisani. Nguzo zimechongwa na kupakwa dhahabu, dari ina mapambo ya kuinuka, taa bado ni za gesi. Vioo vimechorwa vibwengo, wachekeshaji na mananasi. Ndiyo, mananasi: tunda hilo lilikuwa fahari ya meza za matajiri wa Ulaya. Muuzaji wa Kiwangwa, aliyelipanga kwa mafungu kando ya barabara, angecheka.

Lakini mafundi wangeweza kuishia hapo na Crown ingekuwa jengo zuri tu. Kinachoifanya kuwa zaidi ni vijichumba vyake kumi, vilivyopangwa ukutani na kupewa herufi, A hadi J. Kila kimoja kimezungushiwa mbao nzito na kina mlango wake, na juu yake wamekaa simba na wanyama wa kubuni wenye mabawa, wameshika ngao. Ndani mna viti vya kutazamana, meza, kibamba cha chuma cha kuwashia kiberiti, na kitufe cha kengele ya kumwita mhudumu. Vilijengwa kwa ajili ya watu wasiotaka kuonekana wakinywa. Zama hizo hao walikuwa wengi: wanawake, ambao kusimama kwao kaunta kungezua gumzo la wiki nzima, na waheshimiwa wenye jina la kulinda.

Ukivitafakari, ni kinyume cha baraza. Kwenye baraza la Lamu au Unguja mtu hukaa ili aone na aonekane. Salamu ya mpita njia ndiyo ada ya kiti. Ndani ya kijichumba cha Crown umefichwa machoni, ila juu hakujazibwa, na kicheko cha kaunta kinakufikia kutoka juu ya ubao. Umejitenga na bado umo. Hatujui jengo lingine la starehe linaloielewa hivyo aibu ya binadamu, na kuipa kiti badala ya kuifukuza. Baa zetu nyingi zimeelewa spika tu.

Jubilei hii isingekuwapo bila uamuzi wa mwaka 1978. Ng'ambo ya barabara ipo hoteli ya Europa, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kulipuliwa kwa mabomu zaidi ya mara 30 katika miaka ya machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini. Kila ilipotikiswa, vioo vya Crown vilikuwa hatarini, na mara kadhaa vilivunjika. Mji ulikuwa na vizuizi vya askari barabarani. Jina lako, au shule uliyosoma, vilitosha kumwambia mtu uko upande gani, wa Wakatoliki au wa Waprotestanti, na jibu lisilo sahihi mahali pasipo sahihi liliweza kukuua. Katika hali hiyo shirika la hifadhi ya urithi la National Trust, likihimizwa na watu kama mshairi John Betjeman, likainunua baa. Lingeweza kusema vita viishe kwanza. Likainunua, na kufikia mwaka 1981 lilikuwa limetumia pauni 400,000 kuirudisha katika sura yake ya zamani. Mwaka 2007 ikakarabatiwa tena kwa pauni 500,000.

Shirika hilo lingeweza pia kuifanya makumbusho, lifunge kamba mbele ya vijichumba na kutoza kiingilio. Liliiacha iendelee kuuza bia. Hapo ndipo tunapolivulia kofia. Majumba mangapi ya zamani tunayoyajua yamehifadhiwa hadi yakafa, yakabaki na mlinzi, kibao na popo? Crown imehifadhiwa kwa kutumiwa, na kila painti inayomwagika juu ya kaunta ni sehemu ya gharama.

Painti yenyewe wasomaji wetu wataitambua, maana Guinness nyeusi iko katika baa nyingi za Nairobi. Ila chupa ya kwetu ni kali zaidi. Ile ya bomba ni laini, ina gesi ya naitrojeni, na mmiminaji huijaza kiasi cha robo tatu, akaiacha itulie, ndipo akaimalizia. Mgeni anayeharakisha hujulikana papo hapo. Raundi nayo haihitaji tafsiri: kila mmoja hununulia wenzake kwa zamu, na anayeaga kabla ya zamu yake hukumbukwa, Belfast kama Buguruni.

Si kila kitu ni cha kusifiwa. Siku za kiangazi watalii hujazana kupiga picha dari, wengine bila kununua hata maji, na kupata kijichumba kitupu ni bahati nasibu. Uendeshaji umekodishwa kwa kampuni yenye baa nyingi, na mtu aliyezoea kwenda kwa fulani anaweza kuuliza, kwa haki, fulani mwenyewe yuko wapi siku hizi.

Mwenzetu mmoja wa dawati hili, asiyekunywa pombe, alipita hapo siku ya mvua, akaagiza kahawa. Kaunta ilikuwa imejaa. Mlango wa kijichumba kimoja ulikuwa wazi nusu, na ndani mzee peke yake na gazeti lake. Akamwonyesha kiti kwa kidevu, akasogeza glasi. Mwenzetu alikaa akisubiri maswali aliyoyazoea Ulaya: unatoka wapi, unaitwa nani, umekuja kufanya nini. Mzee akafungua ukurasa mwingine, akauliza kama mvua imekatika. Akaambiwa bado.

"Basi," akasema, "funga huo mlango."