BOMBA LA MOTO BAHARINI: WASITUZIBE MDOMO KWA 'UTAALAMU'

Ukimsikia mheshimiwa jukwaani anasema mambo ya bomba la gesi baharini ni ya kitaalamu mno, wewe mlalahoi wa Manzese huyawezi, ujue pana kitu kinafichwa. Mimi elimu yangu ni ya sekondari tu, lakini nimeyafuatilia. Si mazito kiasi hicho.

Umepata kuona reli iliyopindishwa na jua kali? Ni hayo hayo. Chuma kikipata moto hurefuka. Bomba la kilometa moja likipanda nyuzi 70 za joto linataka kurefuka sentimita 84 hivi. Litakwenda wapi, na mchanga umelikamata? Ongeza shinikizo la ndani. Linajibana mpaka linashindwa, ndipo linachomoka pembeni kama nyoka au linafumuka juu. Likizimwa linapoa na kunywea, likiwashwa linaanza upya. Chuma kinachoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua hadi ukatike.

Wahandisi makini hawangoji bahati. Wanalilaza bomba kwa mapindi makusudi, wanalitegea vilalio ili lipindie pale walipochagua wao, au wanalifunika kwa mawe. Yote hayo yanakula fedha, na penye fedha hapakosi wa kusema "punguza".

Waulize wavuvi wa Brazil. Januari 18, 2000, bomba la Petrobras katika ghuba ya Guanabara, mjini Rio de Janeiro, lilipasuka. Lilikuwa linapitisha mafuta mazito yaliyopashwa moto. Joto lilirefusha chuma, bomba likapinda pembeni, likakunjika, likapasuka. Lita milioni 1.3 zikamwagika. Mikoko ikageuka lami, na wavuvi wakahangaikia fidia mahakamani miaka nenda miaka rudi. Na hiyo ni kampuni kubwa, yenye wahandisi wa kumwaga!

Sasa rudi nyumbani. Gesi iliyogunduliwa mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara kuanzia 2010 iko kwenye kina kirefu. Kisima cha Zafarani, kilichogunduliwa 2012, kipo penye maji ya zaidi ya meta 2,500. Huko maji peke yake yanakandamiza mara 250 ya hewa tunayovuta. Gesi hiyo haifiki nchi kavu bila bomba.

Na hapa ndipo unapoibiwa mchana kweupe, kijana. Katika mikataba hii ya kugawana gesi, mwekezaji hurudishiwa kwanza gharama zake, ndipo kinachobaki kigawanywe. Bomba likisanifiwa ovyo, kulitengeneza ni gharama. Nani atahakikisha bili hiyo haihesabiwi kwenye gesi yako?

Utaisoma wapi mikataba yenyewe? Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliagiza polisi wawakamate wakuu wawili wa TPDC kwa kutoikabidhi mikataba 26 ya gesi. Ikiwa Bunge lilihitaji polisi, wewe na mimi tutahitaji nini, jeshi?

Kwa hiyo akija mgombea wao mtaani kwako na fulana na kofia, chukua fulana, kisha muulize mbele ya watu: joto la juu kabisa la bomba ni nyuzi ngapi? Limepangiwa kupindia wapi? Limesanifiwa kuzimwa na kuwashwa mara ngapi? Nani asiyelipwa na mwekezaji amezikagua hesabu? Akikujibu "ni ya kitaalamu", mwambie amlete huyo mtaalamu Jumapili ijayo, palepale, saa kumi.