Spana, Klorini na Ndege Nyeusi

Chumba chetu kiko Sanaiya, kama tunavyoliita sote lile eneo la viwanda la Doha. Kina vitanda vinne na rafu moja. Kwenye rafu, kati ya kopo la majani ya chai na chaja za simu, nimeweka kitabu nilichonunua Nairobi kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini kando ya njia: Skunk Works, cha Ben Rich na Leo Janos, kilichotoka 1994. Pamoja na mengine, kinasimulia jinsi karakana yenye jina hilo ilivyounda SR-71, ndege nyeusi ya upelelezi ya Marekani inayojulikana zaidi kwa jina la Blackbird. Kila nikimshawishi mtu akisome, jibu ni lile lile. Jirani yangu wa kitanda cha chini, mtu wa Tanga, alilitoa vizuri kuliko wote: "Kaka, mtu unaamka saa kumi alfajiri kwenda saiti, ukirudi usome habari za vita?" Akanyoosha kidole dirishani, upande wa jangwa iliko kambi ya jeshi la anga ya Al Udeid. Vita, akasema, tunavisikia vikipita juu ya paa bure.

Hoja hiyo ina uzito wake, nami siipuuzi. Ndege ile ilikuwa ya jeshi, na Ghuba hii hii imewahi kupigwa picha nayo: mwaka 1987, meli za mafuta ziliposhambuliwa katika vita vya Iran na Iraq, SR-71 ziliruka kutoka Okinawa, Japani, hadi huku na kurudi, safari ya saa kama 11. Lakini aliyekifungua kitabu akitafuta mapigano atapitisha kurasa nyingi akisubiri. Kilichojaa humo ni kazi. Ni kitabu cha karakana, na sisi tunaoshika spana kutwa nzima ndio wasomaji wake hasa.

Chukua mkasa wa maji. Ndege ilitakiwa kwenda mara tatu ya kasi ya sauti, na kwa mwendo huo hewa inaichoma ngozi yake hadi zaidi ya nyuzi 260 za Selsiasi. (Sisi hulalamikia 45 za mwezi wa saba.) Aluminiamu ingelainika, kwa hiyo wakaamua kutumia titaniamu, madini ambayo mafundi wachache sana walikuwa wameyazoea. Basi ikawa vipande vilivyolehemiwa wakati wa baridi vinadumu, na vilivyolehemiwa kiangazi, kwa mikono ile ile, vinaharibika mapema. Walihangaika mpaka wakagundua kwamba mji wa Burbank, ilikokuwa karakana, uliongeza klorini kwenye maji ya bomba nyakati za joto ili kuzuia mwani, na maji hayo ndiyo yaliyotumika kusafishia vipande. Klorini ilikuwa inaitafuna titaniamu. Wakahamia maji yaliyochujwa kwa mvuke.

Halafu zikaja boliti zinazokatika vichwa. Safari hii lawama ilikuwa ya spana zenyewe: zilipakwa kadimiamu, na chembe zake zilipobaki kwenye boliti kisha ikapata moto, boliti iliharibika. Masanduku ya vifaa yakapekuliwa yote, spana za aina hiyo zikatupwa. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Najua ilivyo kushutumiwa kwa kazi mbovu kumbe ubovu uko kwenye kifaa ulichopewa, na sijasoma kwingine jambo hilo likielezwa kwa heshima namna ile.

Titaniamu yenyewe ilitoka wapi? Nyingi ilitoka Muungano wa Kisovieti, ikinunuliwa na CIA kupitia watu wa kati na kampuni za uongo. Adui aliuza bati la kumchungulia yeye mwenyewe.

Hata weusi wa ndege si wa kutisha, kama vijana wanavyodhani. Rich, mtaalamu wa joto aliyezaliwa Manila (Mfilipino wa saiti kwetu alipolisikia hilo alidai kitabu ni chao), alihesabu kwamba rangi nyeusi hutoa joto vizuri zaidi na ingeipoza ngozi ya ndege. Bosi wake, Kelly Johnson, mtu mkali, alikataa kwa sababu rangi inaongeza uzito. Baadaye akarudi, akakiri amekosea, akamlipa senti 25.

Na wale wanaoipenda kwa kasi yake tu? Rekodi ya 1976, kilomita 3,529 kwa saa, ni kweli. Lakini jeshi la anga liliistaafisha 1990, ikarudi kidogo miaka ya katikati ya tisini, ikaisha. Husemwa setilaiti ndizo zilizoiua. Kama ni hivyo, mbona U-2, ndege ya polepole iliyoruka mara ya kwanza 1955 kutoka karakana ile ile, mwaka 2023 ilikuwa bado inatumwa kupiga picha puto la China juu ya Marekani? SR-71 ilikuwa ghali kupita kiasi, ikihitaji ndege za kuijaza mafuta yake ya pekee, na kwa muda mrefu picha zake zilisubiri itue kwanza. U-2 ilizirusha ikiwa angani.

Kitabu kina majivuno, sifichi. Rich anapenda karakana yake kama baba apendavyo kifungua mimba, na waliokuwa chini ya zile kamera hawapati nafasi ya kusema. Asiye na muda aziruke sura za mwanzo zinazohusu ndege nyingine, aanze na Blackbird. Akiazima nakala yangu avumilie doa la grisi kwenye ukurasa wa klorini: neno moja halisomeki, mengine yote yapo.